Aproni ya Manjano Ukutani

Wajukuu wangu wakiingia nyumba ya wageni hucheka divai ya arusi ya Kana iliyochorwa ukutani. Huniuliza, "Bibi, mbona divai ni ya kijani, walikuwa wanakunywa maji ya dimbwi?" Mimi huwaambia wakamuulize aliyeipaka, na aliyeipaka yuko makaburini siku nyingi. Lakini aproni ya bibi arusi hawaicheki. Hata mtoto wa miaka mitano akiiona huuliza nani kafa.

Aliyepaka ukuta ule aliitwa Bos Mats. Bos lilikuwa jina la shamba la kwao, ng'ambo ya ziwa, shamba lenye mawe mengi kuliko viazi, ndiyo maana wanaume wa kule walijifunza kuchora wasije wakafa njaa. Kila vuli, mavuno yakishaingia, walitawanyika mkoa wetu wote wa Dalarna, shamba hadi shamba, wakipaka kuta na makabati: Yona na samaki wake, wanawali kumi na taa zao, arusi ya Kana. Yesu wao alivaa buti na Maria alivaa kama mama yangu. Mats alikuwa mrefu, kimya, mwenye mikono mikubwa ya kung'oa visiki, na mikono hiyohiyo ilichora jani jembamba mpaka ukataka kulishika. Sijaona mwingine kama yeye, na wachoraji nimewaona, maana baba yangu Sakris alipenda kuta zilizopakwa kuliko alivyopenda paa lisilovuja.

Hakuja peke yake. Alikuja na mkewe Ingri, mwanamke mfupi aliyezaliwa usharika wetu, yatima asiye na ndugu hata mmoja, akaolewa ng'ambo. Ingri ndiye aliyesaga rangi. Alizibeba katika kisanduku cha maganda ya mti, vijungu sita, na Mats akiwa kazini yeye aliketi miguuni pake akifungua kijungu kimoja kimoja. Mats hakunyoosha mkono kuchagua. Alisema tu, "Sasa majani," na Ingri akampa cha majani. Akimaliza Ingri alikifunika na kufungua kingine. Watu waliwatania sana. Fundi mzima, walisema, hawezi kuchovya brashi mpaka mke amshikie kikopo. Ingri alicheka nao. "Wenu wanashikiwa vijiko," alisema, "wangu anashikiwa rangi, afadhali yangu."

Walitujia vuli kumi na mbili. Nilipokuwa mdogo nilikaa karibu na Ingri nikimwangalia akisaga, na alinipa maganda ya mayai niyaponde ya rangi nyeupe. Masika ya mwaka elfu moja mia nane arobaini na saba alishikwa na homa, akafa. Habari ilitufikia kwa mdomo wa mvushaji wa ziwani. Mama alisema maskini Ingri, halafu akaendelea kukanda unga. Mimi pia niliendelea na yangu, maana vuli ile nilikuwa naolewa, na msichana anayeolewa hana masikio.

Nilikuwa naolewa na Olars Daniel, mtu wa shamba la pili kutoka letu, mpole, mzito wa maneno, mwenye mama. Namtaja huyo mama kwa sababu katika maisha ya Daniel alitajwa kwanza yeye. Aliitwa Barbro. Hakunitaka. Alimtaka binti wa mwenye kinu, na tangu matangazo ya ndoa yasomwe kanisani mara ya kwanza alikuwa akitafuta mbegu ya ugomvi ardhini kama kuku. Baba, kwa kutaka kumfunga mdomo, akaamua arusi yangu ifanywe katika nyumba ya wageni yenye ukuta mpya: arusi ya Kana, na chini ya bibi arusi wa Kana liandikwe jina langu na mwaka. Ndivyo inavyofanywa kwetu. Bibi arusi wa ukutani huwa ndiye wewe. Baba akampelekea Bos Mats ujumbe, na Mats akaja peke yake, na kisanduku mgongoni.

Alikuwa amekonda. Nilimletea uji na samaki wa chumvi mlangoni, maana kwetu haruhusiwi mtu kuingia ukuta ukipakwa, mpaka siku ya bia ya ukuta watu wote waalikwe waone pamoja. Alikula amesimama. Siku moja alinitazama miguu akasema, "Soksi zako za kijani zinakupendeza, Gölin."

Soksi zangu zilikuwa nyekundu. Soksi za wanawake wote wa usharika wetu ni nyekundu. Nikadhani ananitania, nikacheka, naye akacheka kidogo kwa kuchelewa, kama mtu anayecheka ili asiachwe nyuma. Nilirudi jikoni nikajiuliza utani wenyewe ulikuwa wapi.

Jumamosi ya bia ya ukuta ilifika. Walikuja majirani, akaja Daniel amenyolewa, akaja Barbro na shali yake ya kwendea kanisani. Baba akafungua mlango. Mats alisimama pembeni, kofia mkononi.

Watu walikuwa wamejiandaa kusifu, midomo ilishafunguka, ikabaki hivyohivyo. Nyuso zilikuwa nzuri, meza nzuri, mtumishi anamimina divai ya kijani kibichi. Maua makubwa ya juu yalikuwa na majani mekundu. Na katikati, juu ya jina langu na la baba, GÖLIN SAKRISDOTTER 1847, alikaa bibi arusi na taji lake kichwani, amevaa aproni ya manjano.

Kwetu aproni inasema. Ya kijani ni ya arusi na sherehe zake. Ya manjano ni ya msiba, na mwanamke aliyefiwa na mume au mtu wa damu yake huivaa mwaka mzima, shambani na kanisani. Hakuna mtu usharika mzima asiyejua hivyo, hata ng'ombe nadhani wanajua.

Barbro ndiye aliyesema. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu," baba akajibu.

"Basi nani atakufa? Maana bibi arusi huyu kafiwa, na bado hajaondoka mezani. Ni mume wake, au ni nani?" Akamshika Daniel mkono kama vile anataka kumtoa mtoni.

"Labda ng'ambo hawajui mambo ya aproni," mama akasema haraka. "Huyu ni mtu wa ng'ambo."

"Najua," Mats akasema. "Ingri alinifundisha mwaka wa kwanza tu. Manjano ni msiba. Ndiyo maana nimempaka kijani."

Hapo ndipo tulipochanganyikiwa sote. Jirani mmoja akasogea hadi pua iguse ukuta. Mwingine akafungua dirisha, labda mwanga una kosa. Baba akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mats, ndugu yangu," baba akasema. "Hiyo ni manjano."

"Ni kijani, bwana Sakris."

"Manjano."

"Nilichovya mwenyewe. Kijani."

"Mwenye macho haambiwi tazama," Barbro akasema. "Anatufanyia dhihaka huyu, au katumwa."

Wengine walisema amelewa, lakini hakuwa ameonja bia. Wengine walisema karogwa na msichana wa kinu, jambo lililomkera Barbro kuliko aproni yenyewe. Mimi nilitazama ukuta, nikamtazama Mats, na sikuona mtu mwenye dhihaka. Alitutazama mmoja mmoja kama mtu aliyeamka katika nyumba ya watu. Kwa kweli kwa kitambo kidogo hata mimi nilianza kuyashuku macho yangu, nikaipeleleza aproni ya mama yangu kuhakikisha kijani bado ni kijani.

Baba alisema ipakwe upya. Wazee wakakataa palepale. Bibi arusi aliyekwisha andikwa jina hafunikwi, kumfunika ni kumzika hai, na hilo mimi mwenyewe nililiamini na bado naliamini nusu. Barbro akajifunga shali.

"Kesho kabla ya ibada nataka jibu," akasema. "Mtu anieleze kwa nini mwanangu anaoa msiba. Nikikosa maelezo, mchungaji asisome tangazo la tatu, na arusi basi." Akatoka, na Daniel akatoka nyuma yake, akigeuka kunitazama mara mbili. Ile ya pili akajigonga kwenye mwimo wa mlango.

Nilipandwa na hasira. Asubuhi yake, kabla ya kanisa, nilikwenda kumtafuta Mats nimwambie maneno ambayo binti hamwambii mtu mzima. Mama akasema amemtuma kwenye kilima akachume lingoni za kulia uji, kumwondoa tu baba asimwone. Lingoni ni vitunda vyekundu vya porini, vinakaa chini kwenye majani, na mwaka ule kilima kizima kilikuwa chekundu mpaka ungeweza kuchuma umefumba macho.

Nikamkuta Mats amepiga magoti katikati ya wekundu wote huo, anapapasa. Alipapasa majani kwa vidole, akachuma vitunda, akatafuna kimoja, vingine akavitupa au akavitia bakulini. Hatua moja kutoka gotini pake kulikuwa na fungu zito lililoiva, akalipita. Bakuli lilikuwa halijajaa hata robo, na nusu ya vilivyokuwemo vilikuwa vibichi.

"Mzee Mats," nikasema, "mbona umechuma mabichi?"

Akatazama bakuli. "Haya? Sikuyaonja yote." Akapangusa mikono. "Mimi na lingoni hatupatani, mwanangu. Ingri alikuwa akijaza ndoo mimi bado natafuta la kwanza. Alisema sina subira."

"Na hizi soksi zangu," nikasema, "ni rangi gani?"

"Rangi ya majani haya. Kwani zimefanya nini?"

Nikaketi. Hasira yote niliyokuja nayo iliniishia. Nilikumbuka vijungu vinavyofunguliwa kimoja kimoja. Nilikumbuka mkono wa Mats usionyooka kuchagua, na Ingri akicheka na waliomcheka. Miaka yote ile, mbele ya macho yetu, na sisi tulidhani ni mapenzi tu.

"Ingri hakuwahi kukwambia umekosea rangi?" nikamuuliza.

"Hata siku moja. Nilikuwa sikosei." Alisema bila majivuno, kama mtu anayekutajia umri wake. Halafu akainama karibu yangu, na sauti ikawa ndogo. "Gölin, nikuulize, maana wewe tangu utoto hukuwa na uongo. Tangu Ingri afe dunia nzima inanibishia. Nikisema hiki, watu wanasema kile. Shamba la kabla ya lenu walinifukuza, wakasema nimempaka farasi wa mfalme kijani. Farasi wa kahawia kabisa. Nimekuwa mwendawazimu? Niambie. Nikiwa mwendawazimu niache kazi, nirudi kwenye mawe."

Kengele ya kanisa ikaanza kulia chini bondeni. Sikujua nishike lipi niache lipi. Nikimwambia ukweli, Barbro atapata maelezo yake siku hiyohiyo: mchoraji haoni rangi, basi, si mkosi wala uchawi, arusi iendelee. Lakini kufikia Noeli kila shamba Dalarna lingejua, na hakuna atakayempa hata ubao wa banda. Na si hilo tu. Ningekuwa namwambia kwamba mkewe alimficha ukweli maisha yake yote, kwamba kila jani alilolipaka lilikuwa jani la Ingri. Nilikuwa na miaka ishirini. Sikujua kama Ingri alimtendea wema au alimwibia kitu. Sasa nina sabini na sita, na sijui.

"Wewe si mwendawazimu, Mzee Mats," nikasema. "Leta bakuli." Nikamchumia.

Uwanjani pa kanisa, Mats akiwa amebaki nyumbani na bakuli lake, Barbro alikuwa amesimama kwenye mlango, mchungaji asipite kabla hajasikia. Watu walipunguza mwendo, kila mmoja akajifanya anafunga kiatu.

"Haya, bwana Sakris," Barbro akasema. "Nasikiliza."

Baba akavua miwani, akaanza kuifuta. Nikasema mimi.

"Mimi ndiye niliyemwambia apake manjano. Mchoraji hana kosa. Nilimwomba asimwambie mtu, ndiyo maana jana alibishana nanyi."

"Ukamwomba!" Mama ndiye aliyesema hivyo, masikini, akajiziba mdomo.

"Kwa ajili ya Ingri," nikasema. "Alizaliwa usharika huu. Kafa masika, na hakuna mwanamke hata mmoja aliyemvalia manjano, maana hana mama, hana dada, hana binti. Nikaona vibaya nicheze arusi chini ya ukuta wake kama vile hajawahi kuwapo."

Nilipolianza neno hilo lilikuwa uongo. Lilipofika mwisho nikashangaa, maana lilikuwa kweli. Hakuna aliyemvalia. Hata mimi.

Barbro akakaza fundo la shali yake. Hakuelewa, na alichukia kutoelewa. "Bibi arusi gani anamlilia mke wa mpaka rangi?" akasema. "Sawa. Bibi arusi wa ukutani na wa kanisani ni mmoja, ndivyo tulivyolelewa. Kama ulimtuma, basi na wewe njoo altareni umevaa hivyohivyo, usharika wote ukuone. Kijani ukikivaa, nitajua umetudanganya."

Alidhani nitarudi nyuma. Msichana kuolewa na manjano, hata leo sijasikia mwingine.

"Mama," Daniel akasema, na watu wakageuka, maana Daniel kusema mbele za watu ilikuwa habari. "Mimi naoa mtu. Sioi aproni."

"Nyamaza wewe."

"Nimenyamaza. Lakini naoa."

Mchungaji akapita, akasoma tangazo la tatu.

Siku ile ile jioni haijaingia nilimfuata Mats akifungasha. Nilichukua uzi wa kitani nikafunga mafundo kwenye vishikio vya vijungu: kimoja fundo moja, kingine mawili, mpaka sita. Nikamwambia Ingri aliniachia neno vuli iliyopita, kwamba asichague kwa macho, macho ya wenye nyumba hubishana, achague kwa mafundo. Moja nyeupe, mbili nyeusi, tatu nyekundu, nne kijani, tano buluu, sita manjano. Akagusa kila fundo kwa kidole gumba. "Alikuwa na mambo yake, Ingri," akasema. Hakuuliza zaidi. Alipaka vuli tisa nyingine, na kila alipopita kwetu nilimjazia vijungu na kufunga uzi mpya, na watu wakasema Bos Mats amerudi kuwa fundi, huzuni imemwachia. Alikufa katika nyumba yenye kuta alizozipaka mwenyewe, nyekundu na kijani zikiwa mahali pake. Barbro alitangulia kaburini akiwa bado anawauliza watu kama wanaielewa hadithi ile ya aproni.

Lakini nimeruka, nilitaka kusema arusi.

Niliazima aproni ya manjano kwa mjane mmoja, maana msichana hana ya kwake. Nikavaa taji la fedha la kanisa juu, na msiba chini. Njiani wapiga fidla walitutangulia, wakanigeukia mara moja, na baada ya hapo wakapiga kwa kusitasita, hawakujua ni mwendo wa furaha au wa mazishi. Wanawake walisimama kando ya njia na hawakunipungia. Mama alilia tangu nyumbani, na sikujua analia kwa lipi kati ya yote. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa Daniel, na nilikuwa nikijiuliza kama kweli nimeiweka arusi yangu rehani kwa ajili ya mwanamke aliyenipa maganda ya mayai.

Mats alikuwa amerudi, amesimama mlangoni pa kanisa na kofia mkononi. Mchoraji wa ukuta hupewa nafasi hiyo, awe wa kwanza kumkaribisha bibi arusi wake. Watu walikuwa wananong'ona pande zote, na yeye aliwasikia, na ile hofu ya kilimani ikamrudia usoni. Akanitazama kutoka taji hadi aproni. Akainama sikioni pangu.

"Gölin," akasema. "Wanasema nini hawa? Umevaa kama nilivyokupaka. Niambie wewe, hii ni rangi gani?"

Nyuma yangu Barbro alikuwa ametega sikio. Nikamsogelea Mats mpaka shavu likagusa ndevu zake, asikie yeye peke yake.

"Kijani, Mzee Mats," nikamwambia.

Akashusha pumzi, akavaa kofia, akanifungulia mlango.